Nilijifanya Mpanda Kilimanjaro, Korongo la Cares Likaninyoosha

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji, binti anayesoma Oviedo, mji wa mkoa wa Asturias, kaskazini mwa Hispania. "Dada, za siku? Jumamosi tunakwenda Cares na wenzangu wa darasani. Wanasema njia ni tambarare tu. Raba za kawaida si zinatosha?" Nilicheka peke yangu, halafu nikainama kuangalia kidole gumba cha mguu wa kulia. Kucha yake ilitoka mwaka juzi, na iliporudi ilirudi imepinda.

Jibu fupi, mdogo wangu: hazitoshi. Jibu refu nimelikalia kimya miaka miwili kwa sababu lina aibu ndani yake.

Mimi ni mtu wa Marangu. Ukishasema hivyo kwa Mhispania, na yeye akaitafuta Marangu kwenye simu, swali linalofuata ni moja tu: umepanda Kilimanjaro? Sijapanda. Nimefika getini, nimepiga picha kwenye maporomoko ya Kinukamori, na baba yangu mdogo alikuwa mgumu, yaani mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya wageni hadi juu. Yeye kapanda mara zisizohesabika. Mimi nilikuwa nakula pipi alizokuwa akirudi nazo. Lakini siku ile mwenzangu wa nyumba, mwenyeji wa hukohuko Asturias, aliponiuliza mbele ya binamu yake, mdomo ulijibu kabla yangu: "Ndiyo, mara moja." Ikaisha hapo. Nikawa mpanda mlima.

Wakasema basi, kama ni hivyo, Cares kwako ni mazoezi ya viungo. Njia ile inapita katikati ya milima ya Picos de Europa, kutoka Poncebos upande wa Asturias hadi kijiji cha Caín upande wa mkoa wa León, imechongwa kwenye ubavu wa korongo na mto Cares unakwenda chini kabisa. Kilomita 12. Nami nilisikia 12. Hakuna aliyenitajia kwamba ukifika Caín, kama gari lako liko Poncebos, unarudi ulikotoka kwa miguu. Barabara ya kuunganisha vijiji hivyo inazunguka milima yote, ni mwendo wa saa kadhaa. Kwa hiyo ni kilomita 24, na nusu ya pili unaitembea na miguu iliyokwisha kutumika.

Tulianza saa tano asubuhi. Kosa la kwanza hilo. Nilikuwa na lita moja ya maji, chapati nne na mayai ya kuchemsha, na raba nyeupe nilizonunua kwa ajili ya picha. Hayo ni makosa mengine matatu, ingawa chapati siwezi kuziita kosa.

Ile "tambarare" ina mwanzo wake. Ukitoka Poncebos unapanda mawe na changarawe hadi sehemu iitwayo Los Collados, karibu mita 300 za kwenda juu, jua likiwa mgongoni na kivuli hakuna. Mtu mwenye akili angepanda polepole. Mimi nilikuwa na jina la kulinda, nikatangulia mbele kama mbuzi. Nilipofika juu moyo ulikuwa unapiga masikioni, lakini nilijikaza nikawasubiri nikiwa nimeshika kiuno, natabasamu. Binamu mtu akafika anahema, akasema kitu kuhusu damu ya Kilimanjaro. Nusu ya maji yangu yalikuwa yameisha.

Baada ya hapo, kusema kweli, ni pazuri mno. Njia ina upana wa kupishana watu wawili, upande mmoja jabali, upande wa pili hakuna kitu. Hakuna ukuta wala kamba sehemu kubwa ya njia. Tumbusi wanazunguka juu yako, na wakati mwingine wanapita chini yako, jambo ambalo tumbo halilizoei upesi.

Kilichonishika zaidi ni mfereji. Kando ya njia, mara uko wazi mara umezama ndani ya mwamba, kuna mfereji wa maji unaokwenda kasi bila kelele. Ulichimbwa kati ya 1915 na 1921 kupeleka maji kutoka Caín hadi kituo cha kufua umeme cha Camarmeña, pale Poncebos. Njia yenyewe tunayotembea ilichongwa baadaye, 1945 hadi 1950, ili mafundi wa mfereji wapate pa kupita. Nilisimama pale nikamkumbuka bibi. Kwetu mfereji wa namna hiyo tunauita mfongo, unatoa maji korongoni unayatembeza kwenye ubavu wa mlima hadi migombani, na zamani ukoo mzima ulitoka kuuzibua. Nilitaka kuwaeleza wenzangu jambo hilo, la kweli, ninalolijua tangu utotoni. Lakini wao walitaka kusikia habari za kileleni, kwa hiyo nikatunga kidogo habari za baridi.

Mbuzi walitukuta karibu na katikati. Mbuzi wa huko hawaogopi watu, wanajua mkoba una nini. Niliuweka chini nifunge kamba ya kiatu, nikageuka, dume moja lina chapati yangu nzima mdomoni, linaniangalia huku linatafuna. Likameza, likaja kuchukua ya pili. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Ushauri huo basi: mkoba usikae chini.

Mahandaki ya karibu na Caín nayapitisha haraka, yanavuja maji na ni mafupi, utayaona mwenyewe. Tulifika kijijini saa nane na nusu. Tulikunywa, tukala jibini la Cabrales, lile lenye ukungu wa buluu linaloiva mapangoni, ambalo harufu yake inaingia mezani kabla yake. Hapo ndipo nilipovua kiatu. Soksi ilikuwa imegandia kisigino. Malengelenge mawili, moja limeshapasuka, na kidole gumba kimeiva kama zambarau.

Ningesema wakati ule. Ningesema tu, "Jamani, nimeumia." Nikavaa kiatu.

Wakati wa kurudi wenzangu walikwenda mbele. Mara ya kwanza walisimama wakanisubiri. Mara ya pili walipunga mikono. Baadaye niliona migongo yao, kisha sikuiona. Simu haikuwa na mtandao, maji yaliisha, na maji ya mfereji yanapita pembeni yangu kilomita baada ya kilomita, siwezi kuyanywa. Mteremko wa mwisho kutoka Los Collados niliushuka kwa upande, kama kaa. Kila hatua kucha inagonga ncha ya kiatu. Mama mmoja mtu mzima, Mhispania mwenye mvi, alinipita, akasimama, akanipa fimbo yake moja bila maneno, tukashuka pamoja hadi chini. Hata jina lake sikumuuliza.

Saa mbili usiku ilikuwa inakaribia. Basi limeondoka. Wenzangu nimewakuta baa, wamekaa, sidra imeshamiminwa, ile pombe ya matofaa wanayoimimina kutoka juu ya kichwa. Nikasema mngenisubiri. Mwenzangu wa nyumba akajibu, na hakuwa na ubaya usoni: "Si ulishapanda Kilimanjaro? Tulidhani unapiga picha." Nikalipa theluthi yangu ya teksi hadi Arenas de Cabrales na sikusema neno njiani. Mpaka leo likinijia nakunja uso. Najua kosa ni langu, lakini mtu ukimwona anachechemea, unamwona.

Sasa nisikilizeni wenzangu mlioko ughaibuni, maana hili si la viatu peke yake. Tuna ugonjwa wa kutaka kuonekana hatushindwi. Tukiulizwa tunaweza, tunasema tunaweza. Baridi? Tumezoea. Njaa? Tumezoea. Mwafrika gani anachoka kutembea? Tunakubali sifa ambazo hata hatukuomba, halafu tunazilipia kwa kucha. Sema hujawahi. Sema umechoka. Utashangaa jinsi watu wanavyopunguza mwendo ukiwaambia. Na beba maji, lita mbili kwa kiwango cha chini kabisa, maana kati ya Poncebos na Caín hakuna duka.

Juni mwaka huu nilirudi. Sikumwambia mtu. Nilipata usafiri wa mtu mwenye gari hadi Caín kwa barabara nyembamba inayoshuka kutoka Posada de Valdeón, nikaanzia upande ule, saa mbili asubuhi, korongo bado lina kivuli. Hii ndiyo siri ninayotaka uichukue: sehemu nyembamba zaidi, madaraja na mahandaki, viko kilomita chache tu kutoka Caín. Nilitembea hadi nilipotosheka, nikaangalia saa, nikageuka. Sikufika Poncebos na hakuna aliyenidai. Nilikuwa na buti zilizozoea mguu wangu, soksi mbili, maji lita mbili na nusu, nikarudi na yamebaki.

Pale Caín nilijifunza pia habari ya Gregorio Pérez, mchungaji wa kijiji hicho waliyemwita El Cainejo. Mwaka 1904 yeye na bwana mkubwa mmoja, Pedro Pidal, walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Naranjo de Bulnes, jabali la mita 2,519. Pidal ndiye aliyesukuma sheria ya hifadhi za taifa, na hifadhi ya kwanza ya Hispania ikazaliwa 1918 kwenye milima hiyohiyo. Nilimfikiria baba mdogo. Kule kwetu nako mabwana wakubwa waliopanda mlima walikuwa na watu wa kijijini kando yao, wanaojua pa kuweka mguu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Oviedo: buti, si raba. Maji. Anzeni mapema. Hesabuni kurudi kabla ya kwenda. Mawe huanguka kutoka juu, hasa mvua ikinyesha au upepo ukivuma, siku hiyo msiende. Namba ya dharura ni 112, lakini mtandao unakatika, kwa hiyo mtu aliyebaki nyumbani ajue mtarudi saa ngapi. Maji tena. Na anayechechemea awe mbele, si nyuma.

Kama unavaa namba 39, buti zangu ziko hapa, nitakutumia. Mwenzangu wa nyumba bado anaamini nimepanda Kilimanjaro. Mwezi uliopita alinitambulisha hivyo kwa mama yake. Hasomi Kiswahili.