Mvinyo wa juisi ya boksi: anza kwa kusoma lebo

Wanaoniuliza namna ya kutengeneza mvinyo nyumbani karibu wote huanza na vifaa. Ninunue mtungi gani, hamira gani, ile vali ya kutolea hewa inapatikana wapi? Mimi huwarudishia swali: juisi yenyewe imeandikwa nini nyuma ya boksi? Vifaa vina mbadala. Juisi isiyofaa haina, na hutajua kwamba haifai mpaka wiki ipite ukiwa umeukodolea macho mtungi uliotulia tuli kama maji ya kunywa.

Cha kwanza kutafuta kwenye lebo ni vihifadhi. Ukiona potasiamu sorbeti au sodiamu benzoeti, rudisha boksi rafuni. Dawa hizo zimewekwa humo makusudi ili hamira na ukungu visizaliane, na hazibagui kati ya hamira iliyojiingiza yenyewe na ile uliyoimwaga wewe. Wakati mwingine hujificha nyuma ya namba: E202 ndiyo sorbeti, E211 ndiyo benzoeti. Vitamini C haina neno, wala asidi ya sitriki; asidi kidogo hata inausaidia mvinyo usipooze mdomoni. Juisi iliyopashwa moto kiwandani nayo ni salama kabisa kwa kazi hii, maana vijidudu vilivyokuwamo vimeshapunguzwa na hamira yako itakuta uwanja mweupe. (Utaratibu huo wa kupasha moto una jina la Louis Pasteur, Mfaransa wa karne ya 19 aliyeonyesha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Aliujaribu kwenye mvinyo kabla watu hawajauzoea kwenye maziwa.) Na iwe juisi kweli, si maji yaliyotiwa rangi na ladha ya tunda.

Cha pili ni sukari, na hapa chukua kalamu. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa makadirio yanayotosha jikoni, gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kilevi. Tuseme boksi la juisi ya zabibu limeandikwa gramu 16 za sukari kwa mililita 100. Hiyo ni gramu 160 kwa lita. Gawanya kwa 17, unapata asilimia 9 na ushee. Ukitaka 12 unahitaji gramu 204 kwa lita, yaani umepungukiwa gramu 44. Kwa lita 4, ongeza gramu 176 na basi. Juisi ya tufaha kwa kawaida ina gramu 10 au 11 kwa mililita 100, kwa hiyo ukiiacha ilivyo utapata kinywaji chepesi cha asilimia 6 hivi, na kukifikisha 12 kunataka karibu gramu 100 za sukari kwa kila lita.

Kuna watu wakishajua hesabu hii wanataka kufika 18. Siwashauri. Sukari ikizidi mno hamira huelemewa na kusimama njiani, ukabaki na sharubati yenye kilevi. Hata ikifika, sukari ya dukani imeongeza ukali tu, haikuongeza tunda. Unapata kitu kinachochoma koo na hakina cha kusema. Kwa juisi ya boksi mimi huishia 11 au 12. Tufaha huliacha hata chini ya hapo.

Hamira ya mkate inafanya kazi, tusidanganyane. Ila huacha harufu ya unga, na mashapo yake hayashikani chini, ukiutikisa mtungi kidogo yote yanapanda tena. Hamira ya mvinyo huuzwa kwenye vipakiti vidogo, na kipakiti cha gramu 5 hutosha lita 20 au zaidi, kwa hiyo kwa lita 4 nusu kijiko cha chai ni nyingi. Aina iitwayo EC-1118 ni ngumu kweli: inavumilia kilevi mpaka asilimia 18 na haibagui juisi. Kwa anayeanza sioni sababu ya kutafuta nyingine.

Kazi ya mikono ni fupi. Osha kila kitakachogusa juisi, kisha kisafishe kwa dawa ya kuua vijidudu kama maelekezo yake yanavyosema. Kama ni ya klorini, suuza hadi harufu iishe. Tumia mtungi wa lita 5 kwa juisi lita 4, maana povu linahitaji nafasi. Koroga sukari iyeyuke, nyunyiza hamira juu, kisha vika mdomo wa mtungi puto ulilolitoboa kwa ncha ya sindano. Hewa ya ndani ikisukuma, puto linasimama na kuipenyeza nje kwenye kitundu. Msukumo ukipungua kitundu kinajibana. Vali ya kununua ni nadhifu zaidi, lakini puto linatosha. Kamwe usifunge kwa kizibo kinachobana.

Ndani ya siku moja au mbili utaona duara la viputo vidogo limeshika ukingo wa juisi, halafu povu la rangi ya kaki. Weka sikio karibu: kunachemka taratibu, kama soda iliyotoka kufunguliwa. Rangi inakuwa ya tope, na hilo lisikutishe, ni hamira yenyewe imejaa. Ukisikia harufu ya yai bovu, mara nyingi hamira imekosa lishe au ina joto kupita kiasi. Juisi ya tufaha hasa ina uhaba wa naitrojeni, ndiyo maana chumvi lishe ya hamira huuzwa kando. Weka mtungi gizani, kwenye nyuzi 18 hadi 24. Ukipita 30 mvinyo huja na harufu kali zisizotoka tena.

Baada ya hapo kuna uamuzi mmoja tu wenye hatari ndani yake, nao ni lini ufunge chupa. Puto likilegea wengi wanadhani kazi imekwisha. Kulegea ni dalili, si ushahidi. Sukari ikibaki na hamira ikaamka ndani ya chupa ya kioo iliyozibwa, msukumo huongezeka mpaka kioo kinapasuka, na vipande vyake vinaweza kumtoa mtu jicho. Nunua haidromita, kipimo kinachoelea ndani ya juisi na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji, ambayo husoma 1.000; sukari ikiisha, namba hushuka. Ndicho kifaa pekee ambacho sitakuambia utafute mbadala. Mwanzoni, kwa lengo la asilimia 12, itasoma karibu 1.090. Mwishoni inatakiwa ishuke chini ya 1.000, na isome vilevile siku kadhaa mfululizo. Kama ilisimama juu ya hapo, subiri, hamishia mtungi mahali penye joto kidogo, pima tena.

Ikishatulia, vuta mvinyo kwa mpira mwembamba uingie mtungi mwingine safi, mdomo wa mpira ukiwa juu ya mashapo. Usimimine. Kumimina kunaingiza hewa, na sasa hewa ni adui. Jaza mtungi wa pili mpaka karibu na shingo, funga tena kwa puto au vali, uache mwezi au zaidi uwe angavu. Hapo ndipo chupa. Chupa moja kati ya hizo iwe ya plastiki ya soda: ukiibonyeza baada ya siku chache ikawa ngumu, fungua zote mara moja. Anayependa mvinyo mtamu aweke sukari kwenye bilauri yake, asiweke kwenye chupa.

Swali la methanoli haliachi kuja. Mvinyo wa matunda huwa nayo kidogo mno, ya kawaida, na kuchachusha juisi hakuigeuzi kuwa sumu. Kukeneka pombe kali nyumbani, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake, ni habari nyingine kabisa, ina moto, ina mvuke unaolipuka na katika nchi nyingi ni kosa kisheria. Hata mvinyo wenyewe, angalia sheria ya unakoishi inaruhusu nini, na usiuze.

Ladha ya mwezi wa kwanza huwa kali na chachu. Ya mwezi wa tatu huwa tofauti sana, kwa hiyo usimwage kwa hasira. Isipokuwa ukinusa siki: hiyo ni bakteria wa siki, walioingia kwa sababu hewa iliachiwa nafasi, na hakuna kurudi nyuma. Acha iendelee iwe siki ya jikoni, lakini iweke mbali na mitungi yako mingine, na mpira ulioigusa usiutumie tena kwenye mvinyo.