Usiuze boda ya mafuta bado

Ndugu, umeuliza kama uuze boda yako ya mafuta uchukue ya stima juu wenzako wa Kondele, Kisumu, wameanza kuhama. Mimi sipingi, hata M-Pesa ikiingia 2007 kuna wazee waliikataa kabisa na leo ndio wa kwanza kukuambia utume na ya kutolea. Lakini usiuze kwanza. Kodisha ya stima wiki mbili hivi, uandike kwa daftari kila jioni umetumia ngapi kubadilisha betri (unaacha iliyoisha chaji, unapewa iliyojaa) na umebaki na ngapi, ulinganishe na ya mafuta, na ukumbuke ya stima haina mambo ya oili ya injini. Alafu angalia stesheni za betri ziko wapi, kama kazi yako ni Kibuye, Nyalenda na hapo stendi iko sawa, shida ni ukipata mteja wa Maseno na mzigo, ule mlima unakula chaji vibaya na ikiisha utasukuma (nishasukuma, si mchezo aki). Na mkataba usome wote, mara nyingi betri si yako, unalipia tu kutumia, na ya mkopo ukichelewa wanaweza kuizima wakiwa ofisini kwao.