Fundi wa AC Anajibu: Wageni 22, AC Moja na Sufuria ya Pilau

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinafanana, yaani mwaka mzima AC ya mtu inapiga kazi vizuri tu halafu siku ya sikukuu, siku ambayo wakwe wamekuja, ndio inaamua kumwaga maji ukutani. Nimechagua tano. Za kuniuliza bei ya fundi fulani ni halali au sio halali mniwie radhi, hizo siziwezi.

Fundi shikamoo. Nipo Tabata, sebule yangu na jiko ni pamoja, hakuna ukuta katikati. AC ni ya BTU 12,000 na siku zote inatosha. Krismasi iliyopita tulikuwa watu 22, tumepika tangu asubuhi, ilipofika saa nane mchana AC ipo 16 lakini watu wanajipepea na sahani za karatasi na maji yakaanza kudondoka juu ya TV. Mume wangu anataka tununue ya BTU 24,000. Tununue? (Mama wa Tabata)

Marahaba mama. Mwambie baba watoto arudishe pochi mfukoni kwanza.

Iko hivi. Mtu mmoja akikaa tu kwenye kochi, hajafanya chochote, mwili wake unatoa joto kama la ile balbu ya zamani ya wati 100. Sasa nyie mlikuwa 22, hiyo ni wati 2,200, na AC yako ya 12,000 uwezo wake wa kutoa joto ni kama wati 3,500. Kwahiyo zaidi ya nusu ya AC imeliwa na wageni peke yao kabla hujahesabu jua la Desemba la Dar kwenye bati na ukuta, friji inayofunguliwa kila dakika, watoto wanaoingia na kutoka mlango ukiwa wazi. Halafu juu yake weka jiko la gesi, plate moja kubwa ikiwaka yote ni wati 2,000 mpaka 3,000 na nyie mliwasha ngapi, tatu? Hapo AC haijaharibika, imezidiwa tu.

Na joto ni nusu ya habari, nusu nyingine ni mvuke. Gesi yenyewe ikiungua inazaa maji, kilo moja ya gesi ya mtungi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, hiyo bado hujafunua sufuria ya nyama inayochemka. AC kabla haijakupa ubaridi inabidi iukamue huo mvuke kwanza, ndio yale maji. Siku ya kawaida yanatoka kidogo kidogo kwenye kabomba, siku ya sikukuu yanakuja mengi na kama kabomba kana utelezi na vumbi la mwaka mzima yanakosa njia, sinia la ndani linajaa, yanamwagikia TV yako.

Kuna na mafuta. Nilishafungua AC moja siku ya tatu ya Iddi, sebule ina jiko la wazi kama la kwako, filta ilikuwa imeganda rangi ya chai na inanuka kitunguu cha pilau kabisa, ukiigusa inanata kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Hewa haipiti hapo. Hewa isipopita, koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, inaganda barafu, na ikiganda tafadhali msichukue kisu, kuna mtu alikwangua barafu kwa kisu cha jikoni akatoboa koili, gesi yote ya AC ikatoka mbele ya wageni. Zima ubaridi, acha feni peke yake, barafu itayeyuka.

Sasa ufanye nini. Wiki moja kabla toa filta uioshe na sabuni ya vyombo, ianike kivulini sio juani maana inajikunja, na umwite fundi apulize kabomba ka maji. Siku yenyewe washa AC saa mbili asubuhi nyumba ikiwa tupu, ipoze kuta na makochi, usisubiri mpaka watu wajae ndio uanze kukimbizana. Pika usiku vinavyopikika usiku. Kile cha kuchemka masaa kitoe nje uani, ndio maana bibi zetu walipikia uani na wala hawakuwa wajinga, na wenzetu wa Oman shuwa yao wanaifukia kabisa shimoni nje ya nyumba siku nzima au mbili, sebuleni hakuna hata harufu. Kama lazima upike ndani, funika sufuria, fungua dirisha la upande wa jiko na utundike hata pazia zito katikati.

Na hiyo 16 haisaidii kitu. Ukiweka 16 au 23 AC ya kawaida inatoa ubaridi uleule, namba inasema tu isimamie wapi. Weka 23 na uwashe feni ya juu.

BTU 24,000? Mtafurahi siku moja ya Krismasi, siku zingine 364 itapoza haraka haraka na kujizima kabla haijakausha hewa, mtakaa kwenye baridi ya kunatanata kama pangoni. Bora muazime feni mbili kwa jirani.

Fundi, mimi wa Tanga. Sisi pilau bila kupalia makaa juu ya mfuniko sio pilau. Iddi ilinyesha mvua kubwa ikabidi jiko la mkaa tuliweke kwenye korido, milango tumefunga kwa sababu AC inawaka. Watu watatu waliumwa kichwa, mmoja akatapika. Mama anasema ni gesi ya AC imevuja. Kweli? (Binti wa Tanga)

Mdogo wangu hii nimeisoma mara mbili na imenitisha. Hapana, sio AC. Ule ni mkaa.

Watu wengi wanaamini AC inaleta hewa safi kutoka nje, kwa sababu kuna mashine nje na kuna mabomba yanapita ukutani. Hizi AC zetu za kutundika hazileti hewa yoyote, ndani ya yale mabomba inapita gesi ya kupozea tu, inaenda na kurudi. Hewa ya chumbani ni ileile inazungushwa. Kwahiyo ukifunga milango na madirisha ukaweka mkaa, ile sumu ya mkaa, kaboni monoksidi, inabaki na nyie humohumo na AC inawagawia kila kona. Haina harufu, haina rangi, haikeri macho, na mkaa ulioshika vizuri usio na moshi, ule mnaousifia, ndio unaitoa kimya kimya. Dalili zake ni hizohizo, kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi. Nilishaitwa nyumba moja eti AC inawalewesha, nimefika nakuta jiko la mkaa chini ya ngazi na mzee kalala kwenye kochi wanasema kashiba. Tukamtoa barazani, tukampeleka hospitali, alipona.

Mvua ikinyesha jiko likae barazani chini ya paa, sio korido. Ukishindwa kabisa basi palia kwa oveni, au mwaka huo mle wali wa nazi. Mtu akianza kuumwa kichwa, wote nje kwanza, maswali baadaye.

Na udi, najua utauliza. Fukiza madirisha yakiwa wazi na AC imezimwa, chetezo kikishatoka nje ndio ufunge na uwashe. Ukifukiza AC ikiwa inawaka moshi unakaa kwenye koili, mpaka mfungo sita unanusa Iddi iliyopita.

Salaam aleikum fundi, nipo Kisauni Mombasa. Sikukuu jioni AC yangu yalia tu "tak" halafu haingurumi, baada ya dakika kadhaa yajaribu tena. Usiku wa manane yafanya kazi sawa. Jamaa ameniambia nitoe ile gadi, kile kifaa cha kuilinda AC na umeme mbovu, niunganishe moja kwa moja. (Baba Kisauni)

Waaleikum salaam. Usitoe, wallahi usitoe. Jioni ya sikukuu mtaa mzima umewasha AC, pasi, oveni na birika kwa pamoja, umeme unashuka nguvu, gadi inaona ni mdogo inakata. Usiku wa manane watu wamelala umeme unapanda, AC inawaka. Kompresa ikilazimishwa kuanza na umeme mdogo inavuta mkondo mwingi wa umeme na inaungua, na bei ya kompresa unaijua. Zile dakika chache za kusubiri nazo zina kazi, presha ya gesi inatakiwa itulie pande zote mbili ndio kompresa ianze upya. Jioni hiyo fungueni madirisha, Mombasa mna upepo wa bahari, sisi wa Tabata tunawaonea wivu.

Habari kaka, nipo Minneapolis, Marekani. Sikukuu nakaribisha Waswahili kama 30, oveni na majiko yote yanawaka. Sebuleni watu wanatoka jasho, vyumbani watoto wanatetemeka, na madirisha yanatiririka maji. Hita imekufa? (Dada wa Minneapolis)

Nzuri dada, poleni na theluji, mimi huko nilishika spana misimu miwili ya baridi kabla sijarudi kwahiyo naijua. Hita haijafa. Angalia thamostati, kile kidude cha kupima joto na kuiamuru hita, iko wapi, nina hakika iko ukuta wa karibu na jiko au sebuleni. Yenyewe inasikia joto la oveni na la watu 30, inadhani nyumba nzima ina joto la kutosha, inazima hita, vyumba vya mbali vinaganda. Kwenye thamostati kuna sehemu ya feni, itoe kwenye "auto" uweke "on", izungushe hewa ya nyumba nzima. Shusha joto kidogo kabla wageni hawajafika, na angalia makoti ya wageni hayajarundikwa juu ya matundu ya hita, najua mnayatupa chumbani kitandani yanamwagikia chini.

Maji ya madirishani ni mvuke wa biriani umegonga kioo cha baridi, washa feni ya juu ya jiko. Lakini hapo kuna jambo. Feni kubwa ikifyonza hewa kwenye nyumba iliyofungwa kabisa inaweza kuvuta moshi wa hita ya maji urudi ndani badala ya kupanda dohani, kwahiyo fungua dirisha upenyo wa vidole viwili na hakikisha alamu ya kaboni monoksidi ina betri. Huko Marekani sumu hii inaua zaidi ya watu 400 kwa mwaka bila hata moto kutokea. Usipashe nyumba kwa oveni iliyoachwa wazi. Filta ya karatasi usiioshe, badilisha.

Kila Desemba fundi wangu anakuja kujaza gesi ya AC kabla ya sikukuu, anasema wageni wakiwa wengi gesi inatumika sana. Mwaka huu kapandisha bei. (Kigamboni)

Gesi ya AC sio petroli. Haitumiki, inazunguka ileile miaka yote, wageni wawe wawili au mia. Kama inapungua kweli kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kumwaga hela yako hewani. Akija tena mpe maji ya sabuni na sponji, apake kwenye maungio yote ya mabomba, mwambie akuonyeshe povu linapobubujika. Akilionyesha, azibe halafu ajaze. Akishindwa mpe nauli ya pantoni arudi kwao.