Uliza Babu: Kumi wa soksi nyekundu

Shikamoo Babu. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja amejiunga na timu ya besiboli ya mtaani kwetu hapa Columbus, Ohio. Kocha kawapa kazi: kila mtoto achague mchezaji mmoja wa ile timu ya Cincinnati ya 1869, ya kwanza kulipwa mishahara waziwazi, aje amweleze mbele ya wenzake. Mimi nimekulia Morogoro, mpira ninaoujua ni wa miguu. Hao watu walikuwa akina nani, na nimwambie amchague yupi? – Mama wa watatu, Columbus

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenikuta penyewe. Kabla sijastaafu nilikuwa nafanya usafi Union Terminal, stesheni ya zamani ya treni ya Cincinnati, lile jengo la nusu duara ambalo siku hizi ni makumbusho. Mbele yake kuna chemchemi, maji yanashuka ngazi kwa ngazi. Zamu ikiisha nilikuwa naketi pale na chapati zangu nilizozifunga kwenye karatasi ya foili. Siku moja mwenzangu wa zamu, mzee mzaliwa wa mji ule, akaniambia, "Unajua unakula katikati ya kiwanja?" Nikadhani ananitania. Kumbe stesheni ilifunguliwa 1933 tu. Miaka ya 1860 pale palikuwa na bustani, na nyuma ya bustani ndipo ulipokuwa Union Grounds, uwanja wa hao vijana wa Cincinnati, walioitwa Red Stockings, yaani soksi nyekundu. Nikaanza kuwafuatilia mmoja mmoja, hadi leo sijaacha.

Walikuwa kumi, tisa wa kucheza na mmoja wa akiba. Nahodha na kocha wao ni Harry Wright, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza. Baba yake alikuwa mcheza kriketi wa kulipwa aliyehamia New York, na Harry mwenyewe Cincinnati ilimwita kwanza kwa ajili ya kriketi, si besiboli. Mshahara wake ulikuwa dola 1,200 kwa msimu. Mdogo wake, George, aliyelinda eneo kati ya beizi ya pili na ya tatu (beizi ni vituo vinne anavyozunguka mpigaji ili apate pointi), alipewa dola 1,400. Umeona hiyo? Kaka ndiye bosi, mdogo ndiye anayechukua fungu nene. Ijaribu kwenye ukoo wenu uone kikao kitaisha saa ngapi.

Wengine kila mtu alikuwa na kazi ya mikono au ya kalamu. Andy Leonard, aliyezaliwa Ayalandi, na Charlie Sweasy walikuwa watengeneza kofia. Doug Allison, mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji, alikuwa mchonga marumaru. Cal McVey, kijana kuliko wote, fundi wa piano. Charlie Gould mweka hesabu. Hawa watano walipata dola 800 kila mmoja. Asa Brainard, mrushaji, na Fred Waterman wa beizi ya tatu walikuwa watu wa bima. Brainard alipewa 1,100 na Waterman 1,000. Dick Hurley wa akiba, 600. Jumlisha: dola 9,300 kwa timu nzima, kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Novemba. Tusizicheke. Fundi stadi wa siku zile alikuwa na bahati akizipata hizo 800 kwa mwaka mzima.

Ila usimwache mtoto aende kusema kwamba ndio wa kwanza kushika hela. Hela zilikuwapo kitambo, chini ya meza. George Wright alipochezea Washington mwaka 1867 aliandikwa kuwa ni karani, na anwani ya ofisi yake ikatolewa. Aliyekwenda kuitafuta ofisi hiyo angekuta bustani ya umma. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu ndani ya basi, maana kwetu nako nimewajua makarani wa namna hiyo: kwenye karatasi yumo idara ya ghala, lakini ukimuuliza funguo za ghala zinatundikwa wapi hajui, yeye anajua goli liko wapi. Desemba 1868 chama cha vilabu ndicho kilichoruhusu timu kulipa wachezaji, na Cincinnati ikawa ya kwanza kusema hadharani kwamba wote tunawalipa.

Nikiwa bado kwenye chama hichohicho, kuna jambo ambalo huenda kocha asiligusie. Wote kumi walikuwa weupe, na haikutokea hivyohivyo tu. Desemba 1867 chama kilifunga mlango kwa klabu yoyote yenye mchezaji mweusi, baada ya Pythian, klabu ya weusi ya Philadelphia, kubisha hodi. Nahodha wa Pythian alikuwa mwalimu, Octavius Catto. Septemba 1869, soksi nyekundu wakiwa wanapita miji wakishangiliwa, Pythian walipata mechi na timu ya weupe, Olympic ya mji huohuo wa Philadelphia, wakafungwa 44 kwa 23. Miaka miwili baadaye Catto aliuawa kwa risasi barabarani, siku ya uchaguzi. Mtoto wako ana haki ya kulijua hilo, hata kama kwenye kazi ya kocha hana pa kuliweka.

Sasa, amchague nani? Nusu ya timu watamgombea George Wright, kwa sababu namba zake ni za ajabu: mechi 57, mipigo 49 ya kuzunguka beizi zote. Mimi ningemchukua Charlie Gould. Kwanza, timu inaitwa Cincinnati, na kati ya wote kumi ni yeye peke yake aliyezaliwa Cincinnati. Pili, ana jina la utani ambalo mtoto hatalisahau: walimwita Kapu. Alisimama beizi ya kwanza, mrefu, na mpira uliorushwa upande wake ulikuwa kama embe linalotumbukia kwenye kapu. Tatu, siku moja kapu hilo lilitoboka, na dunia yote ya besiboli ilikuwa inatazama. Soma jibu la msomaji anayefuata hapa chini.

Babu, toleo lililopita uligusia kwamba kuna timu ya besiboli iliyomaliza mwaka mzima bila kufungwa. Hizo ni hadithi za vijiweni. Walicheza na akina nani, na wagonjwa? Na kama ni kweli, nani aliwavunja? – Msomaji, Mombasa

Wagonjwa walikuwapo, sikatai. Septemba 1869 walipanda treni hadi California kwa reli iliyokamilika Mei ya mwaka uleule, na kule San Francisco waliipiga klabu moja 66 kwa 4. Hiyo si mechi, ni maonyesho. Lakini New York ndiko kulikokuwa na wababe, na mwezi Juni walikwenda wakawafunga Mutual, klabu ya huko, kwao, 4 kwa 2. Enzi ambayo pointi thelathini au arobaini zilikuwa kitu cha kawaida, 4 kwa 2 ni vita. Mrushaji alirusha mpira kwa mkono wa chini, kutoka futi 45 tu, na mpigaji aliruhusiwa kusema anautaka juu au chini. Kuwazuia watu wa namna hiyo wapate mbili tu kunahitaji wachezaji tisa ambao kila mmoja anajua mwenzake atakimbilia wapi. Nadhani hapo ndipo mishahara ilipofanya kazi. Timu nyingine zilikuwa na wachezaji wazuri vilevile, lakini Harry Wright alikuwa na wachezaji walewale kila siku kwa miezi minane. Mtengeneza kofia hakuwa na sababu ya kusema leo kiwandani kuna kazi.

Hata hivyo hawakuwa malaika. Brainard, inasimuliwa, siku moja sungura alikatiza uwanjani katikati ya mechi naye akamtupia mpira ule ule wa mchezo. Sungura akapona, wapinzani wakakimbia na kupata pointi. Mimi ningemkata mshahara.

Rekodi ya 1869 ni ushindi 57, ukihesabu mechi za vilabu vya chama, na doa moja. Tarehe 26 Agosti, pale pale nilipokuwa nakulia chapati, walikuwa 17 kwa 17 na Haymakers wa Troy, New York. Sheria ya wakati ule ilikuwa kwamba mpira uliopigwa nje ya mistari ya kiwanja ukidakwa baada ya kugonga ardhi mara moja, mpigaji ametoka. McVey alipiga, mdakaji wa Troy akasema nimeudaka, mwamuzi akasema hukuudaka. Viongozi wa Troy wakaiondoa timu uwanjani. Wacheza kamari walikuwa wameweka fedha nyingi kwa Troy, na mechi isiyoisha haina wa kulipa. Mwamuzi akawapa Cincinnati ushindi, vitabu vingi vikaandika sare. Wewe mtu wa Mombasa, ligi unazoziangalia unazijua, kwa hiyo sina haja ya kukueleza zaidi.

Kuvunjwa, walivunjwa tarehe 14 Juni 1870, Brooklyn, uwanja wa Capitoline, na Atlantic, klabu ya huko. Kiingilio kilikuwa senti 50, na watu maelfu wakajaa mpaka kwenye kingo za kiwanja. Raundi tisa, ambazo timu hupokezana kupiga, zikaisha 5 kwa 5. Atlantic wakaridhika, wakaanza kuondoka, maana sare na timu isiyofungika ni sherehe. Harry Wright akakataa. Akasema sheria inataka mshindi, turudi. Angenyamaza, mwendo ule ungeendelea. Ndiyo maana nampenda, na ndiyo maana namsikitikia.

Raundi ya 11 Cincinnati wakapata mbili, 7 kwa 5. Atlantic wakaingia kupiga. Mpira mmoja ukaangukia kwenye umati upande wa kulia, na McVey ikabidi aufuate katikati ya watu. Mpaka anaurudisha, pointi imeingia. Halafu akaja Bob Ferguson, nahodha wa Atlantic. Ferguson alikuwa mpigaji wa mkono wa kulia, lakini mpira wa mkono wa kulia ungekwenda kwa George Wright, na kumpelekea George Wright mpira ni sawa na kumkabidhi paka samaki. Akahamia upande wa pili, akapiga kwa kushoto. Ukapita. Saba kwa saba.

Anayefuata akaupiga mkali moja kwa moja kwa Gould. Kapu. Mpira ukamgonga na kuanguka. Akauokota, akaurusha beizi ya pili kwa haraka, ukapita pembeni ya Sweasy ukaenda zake kushoto. Ferguson akakimbia mpaka beizi ya mwisho, wanayoiita nyumbani. Nane kwa saba. Usiku ule rais wa klabu, Aaron Champion, akapeleka simu ya maandishi Cincinnati kwamba wamefungwa lakini hawakuaibika. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba ulikuwa mwisho wa ushindi 81 mfululizo.

Mwisho wa mwaka klabu ikaacha kulipa wachezaji. Fedha hazikuwahi kuwa nyingi: msimu ule mzima wa 1869, baada ya treni na hoteli na mishahara, faida ilikuwa dola 1 na senti 39. Harry na George wakaenda Boston, wakamchukua Gould na McVey na jina la soksi nyekundu vilevile, na kuanzia 1872 hadi 1875 Boston ikawa bingwa kila mwaka. Gould hakumaliza ubingwa wote huo. Mwaka 1876 alirudi kwao kuiongoza timu mpya ya Cincinnati, akashinda mechi 9, akafungwa 56. Mama wa Columbus, na hiyo mwambie mtoto aiweke.

Babu, sisi shuleni Eldoret tulicheza raunda na mpira tulidaka kwa mikono mitupu. Mbona hawa Wamarekani wanavaa glovu kama za kutolea sufuria jikoni? – Dada wa raunda, Eldoret

Dada, nao walidaka mikono mitupu. Soksi nyekundu wote, mwaka mzima wa 1869. Aliyeumia zaidi ni Doug Allison, kwa sababu mdakaji ndiye anayepokea kila mpira unaompita mpigaji. Mchonga marumaru ana mikono migumu, lakini vidole ni vidole. Mwishoni mwa Juni 1870, wiki mbili baada ya kipigo cha Brooklyn, gazeti la Cincinnati liliandika kwamba Allison amedaka akiwa amevaa glovu za ngozi ya kulungu ili kukinga mikono yake. Wengi walichelewa kumfuata. Kwa miaka mingi baadaye, kuvaa glovu kulihesabiwa kuwa ni uoga.

Na wewe Mama wa Columbus, kama kijana ataishia kuwa mdakaji, usimnunulie glovu ya kawaida kwa sababu ni rahisi. Ya mdakaji ni ya mviringo, nene kwenye kiganja, na inauzwa peke yake. Muulize kocha kwanza, huenda timu inayo ya kuazima.