Mbwa bila kamba: uwanja gani?

SWALI: Nina mbwa wa miezi minane hapa Goma. Nimfungulie wapi akimbie?

JIBU: Ndugu msomaji, epuka kabisa mashimo na mabonde, hasa upande wa kuelekea mji wa Sake. Humo hujikusanya mazuku, gesi ya kaboni dioksidi iliyo nzito kuliko hewa. Wewe uliyesimama unaweza usiisikie. Mbwa, pua yake iko chini, anaanguka. Alfajiri isiyo na upepo ni hatari zaidi.

Mawe ya lava hukata nyayo, basi tafuta penye majani na ukuta wa mita moja na nusu, lango lifungike. Baada ya chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa, ngoja mwezi mmoja. Kabla ya kumfungua, mzoeze kuitika kwa kamba ya mita 10.