Kitufe cha kusimamisha mota kwenye PLC

Ndugu, umeuliza kwa nini kitufe cha kusimamisha mota huungwa kwenye PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine) kwa mguso uliofunga, yaani unaopitisha umeme kitufe kisipobonyezwa, ilhali katika programu ya ngazi (ladder, programu ya PLC inayochorwa kama ngazi) huchorwa alama ya mguso ulio wazi. Kisipobonyezwa, kitufe hicho hupitisha volti 24 muda wote, hivyo PLC husoma 1 na alama hiyo, ambayo hupitisha inaposomwa 1, huruhusu mota iendelee. Waya ukikatika au skrubu ikilegea, husoma 0 na mota husimama yenyewe. Ukiunga kinyume, yaani kitufe chenye mguso ulio wazi, hitilafu hiyo itajificha mpaka siku utakapobonyeza na mashine ikakataa kusimama. Kitufe cha dharura, kwa maoni yangu, kisiachiwe programu kamwe: kikate umeme wa koili ya kontakta (swichi kubwa ya sumaku inayowasha mota) kupitia relei ya usalama (kifaa maalumu cha kukata umeme wakati wa dharura), na PLC ipewe taarifa tu.