Ukipima waifai ya ndani kwa skripti, jua kwanza unapima nini

Wadogo zangu mnaokuja fildi huku Tabora, kila mwaka naona mnaanzia pale pale nilipoanzia mimi. Unafika ofisi ya watu, wanalalamika waifai inakata, unatoa simu unapima spidi mara moja ukiwa umesimama mlangoni, unapata namba nzuri unawaambia mtandao uko poa, kesho yake wanapiga simu tena. Ndo maana nasisitiza tuache vifaa vipime vyenyewe, usiku na mchana, wiki hata mbili, maana waifai ya ndani inabadilika na saa, na watu, na mlango uliofungwa. Ila kuna kitu sikuambiwa na mtu na kimenila muda sana: skripti, yaani programu fupi inayojiendesha yenyewe, itakupa namba tu, hata kama inapima kitu kingine kabisa.

Kulikuwa na jengo moja la zamani hapa mjini, zile kuta nene za enzi za Mjerumani, nikaweka Raspberry Pi (kompyuta ndogo za ukubwa wa kiganja) nne vyumba vinne, ya tano nikaichomeka kwa kebo kwenye swichi iwe seva ya iperf3, programu ya kupima spidi kati ya vifaa viwili, cron (kipanga ratiba cha Linux) inaamsha skripti, majibu yanaingia kwenye faili. Asubuhi nafungua faili, chumba kilicho jirani na aksesi pointi (kifaa kinachorusha waifai) kinasoma 94 Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Nikahamisha chaneli, yaani kipande cha masafa waifai inachotumia, 94. Nikasogeza kifaa hatua tatu karibu zaidi, 94 tena. Siku tatu nahangaika na hewa, yaani mawimbi ya waifai, kumbe ile seva yangu ilikuwa Raspberry Pi 3 na tundu lake la kebo mwisho ni 100 Mbps, ukitoa kile kinacholiwa na vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayobandikwa kwenye kila kifurushi cha data), data yenyewe inabakiwa na 94 hivi. Yaani siku zote tatu nilikuwa napima tundu la kebo. Tangu hapo siigusi waifai ya mtu kabla sijaunga laptopu na seva kwa kebo nikajua uwezo wa seva yenyewe, na nikiona namba imeganda haitikisiki najua hiyo siyo waifai, waifai ya kweli inapanda inashuka.

Ndugu yake kosa hilo ni kuacha kebo imechomekwa kwenye kile kifaa cha chumbani, labda uliichomeka ili uingie kufanya setingi ukasahau. Kikiwa na njia mbili kitapita kwenye kebo, na wewe unashangilia waifai. Chomoa. Na zima ile hali ya waifai ya Pi kusinzia ili kuokoa umeme, usipoizima ping (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) zinaruka juu bila sababu na utamlaumu mtu asiye na kosa.

Halafu tenganisha waifai na intaneti, hapa ndo ugomvi wa wateja na watoa huduma unapoanzia. Mimi naweka ping mbili kwa wakati mmoja, moja kwenda kwenye ruta ya humo humo ndani, nyingine kwenda nje. Ya ndani ikiwa milisekunde 3 na ya nje 400, waifai haina hatia, shida iko mbele. Zote mbili zikipanda pamoja, basi anza kuangalia hewani. Bila hizo mbili unabahatisha tu.

Kingine, iperf3 seva moja inahudumia mmoja kwa wakati, wa pili anajibiwa kwamba iko bize. Mkiweka vifaa vinne vyote vianze dakika ya sifuri, vitatu vitakosa na faili litaonyesha vyumba vitatu havina mtandao, jambo ambalo si kweli. Pishanisha dakika. Na usipime kila dakika, maana kila jaribio linajaza hewa ile ile wanayotumia watu, wewe mwenyewe utakuwa ndo tatizo la ofisi. Sekunde kumi kila robo saa zinatosha kabisa, pima na upande wa pili kwa -R, alama ya iperf3 ya kugeuza mwelekeo, maana kushusha na kupandisha havifanani.

Nguvu ya mawimbi rekodi pia, inasomwa kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) na ni namba hasi, -50 ni nzuri kuliko -70, na wengi tunachukulia -67 kama mpaka wa simu za sauti na video kupita vizuri. Lakini msiishie hapo, nimeona chumba kina -55 na kazi haiendi, jirani kajaza chaneli.

Jumapili ukumbi mtupu utakupa majibu matamu. Jumatatu wameingia watu arobaini, kila mmoja na simu yake, na mwili wa mtu umejaa maji unayanyonya mawimbi. Kwahiyo ukisoma faili usichukue wastani wa wiki nzima, usiku mtupu unaficha mateso ya saa nne asubuhi. Angalia saa za kazi peke yake, angalia na zile mbovu kuliko zote, huyo ndiye mtu anayelalamika.

La umeme ni letu sote. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa, umeme ukikatika ukirudi inaendelea na saa ya zamani mpaka ipate intaneti ijirekebishe, na ruta nayo ndo kwanza inawaka. Nilishapata faili linaloonyesha mtandao ulikufa saa nane usiku, kumbe ni saa tatu asubuhi, nusura nimwambie mteja uongo. Siku hizi skripti yangu haiandiki chochote mpaka saa ioane na ya intaneti.

Lile jengo la kuta nene, tulichofanya mwisho ni kutoa aksesi pointi koridoni na kuvuta kebo mpaka ndani ya ukumbi, afu vifaa vikabaki pale pale vilipokuwa, meza ile ile, dakika zile zile, wiki mbili nyingine, ili tulinganishe kabla na baada.